Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita Dodoma: Ushauri wa Dereva wa Boza

Naendesha boza, lori la tangi la kuuzia maji, hapa Dodoma. Kazi hii inaniingiza kwenye nyua nyingi kuliko dalali yeyote, kuanzia Mkonze hadi Ihumwa, na inanionyesha nyumba ikiwa haijapambwa kwa ajili ya mgeni: tangi limekauka, vyombo vimejaa karoni, mama anahesabu ndoo zilizobaki. Wanaohamia huniuliza swali moja wakati mpira wa maji uko ndani ya tangi lao: "Kaka, wewe unayezunguka kote, sehemu nzuri ya kuishi hapa ni wapi?" Nami huwauliza kwanza, "Asubuhi unakwenda wapi?" Nyumba inayomfaa mfanyakazi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, inamtesa anayeuza nyanya soko la Majengo, hata kama marumaru zake zinang'aa mpaka uani.

Naandika kwa ndugu anayejiandaa kuja, awe mtumishi aliyepata barua ya uhamisho, mfanyabiashara au kijana aliyemaliza chuo. Watu wengi hupeleka hela kwa mwenye nyumba kwanza, halafu ndiyo wanaanza kuujua mji. Ningependa wewe uanze kuujua mji.

Uje au usije

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi Dodoma ilibaki mji mdogo unaochangamka Bunge likikaa na kulala likiondoka. Mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhama kwelikweli, mambo yakabadilika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa. Ile ya 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Ndani ya miaka kumi mji umekaribia kuwa mara mbili, na mabomba, barabara na madarasa bado vinakimbizana na watu. Ukija, jua kwamba unaingia kwenye mji unaojengwa, na mengine utayasubiri.

Jiulize hela yako itatoka wapi. Hela ya hapa inatokana zaidi na mishahara ya Serikali, vikao vya Bunge, vyuo na ujenzi. Kwa hiyo biashara inafuata kalenda za watu hao. Kikao cha bajeti huanza Aprili na kwenda mpaka mwisho wa Juni, gesti zinajaa na kuku wa kuchoma wanaisha mapema. Chuo Kikuu cha Dodoma kikifunga, Ng'ong'ona inapoa kabisa, na wenye vibanda vya chipsi wanaanza kutafuta vibarua. Mama lishe wa Mtumba anauza mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi hana mtu wa kumpikia.

Kuna mama mmoja ninayempelekea maji Nzuguni, alitoka Mbagala na mtaji wa vitenge. Alipofika alitaka kulipia fremu ya duka barabarani wiki ileile. Nilimwomba asubiri kwanza, atembeze mzigo maofisini mwisho wa mwezi, aone. Akagundua wateja wake wananunua tarehe za mshahara na wanalipa kwa awamu. Fremu hakuchukua. Ana daftari la wateja, chumba kikavu cha kutunzia mzigo, na siku hizi anajaza tangi bila kuniomba nimkopeshe.

Anayekuja kwa sababu ameambiwa tu kwamba "hela imehamia Dodoma" namwomba asubiri. Awe na jina la mtu, ofisi au soko litakalomlipa, na awe na akiba ya kula miezi mitatu bila kugusa hela ya kodi.

Kwa mtumishi mwenye familia Dar es Salaam, swali ni kama alete watu wote au aje peke yake. Zamani jibu lilikuwa gumu kwa sababu basi lilikula siku nzima. Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na safari ikawa ya saa nne hivi. Nauli ya kawaida ilianzia Sh 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000, na ukifanya hivyo kila wiki, wiki nne zinakuwa 248,000. Chukua nauli ya siku utakayosoma hapa, ipigie hesabu hiyohiyo, kisha ongeza gharama ya jiko la pili, umeme wa pili na upweke wa watoto. Mimi naona mwaka wa kwanza kuishi mbalimbali si vibaya kama kazi yenyewe haijatulia. Kazi ikishatulia, leta familia mwezi Desemba ili watoto waanze muhula wa Januari na wenzao.

Jambo la mwisho hapa ni kifua. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu na vumbi lake ni jingi. Mwenye pumu, au mwenye mtoto anayebanwa kifua, aje kwanza Julai au Agosti, akae kama wiki mbili kwa ndugu au gesti, ajisikilize. Usimpime mtoto kwa wikiendi moja ya Machi wakati kila kitu ni kijani.

Mji wa barabara nne

Nje ya katikati, ielewe Dodoma kwa barabara zake nne kubwa: ya Dar es Salaam upande wa mashariki, ya Arusha kaskazini, ya Singida magharibi, na ya Iringa kusini. Ukishajua asubuhi unakwenda wapi, umeshajua utafute nyumba barabara gani.

Mji unakimbilia mashariki. Ukitoka na barabara ya Dar unaacha Ipagala, Ilazo, Swaswa na Kisasa, unafika Nzuguni penye stendi kuu ya mabasi, soko la Job Ndugai na viwanja vya Nanenane, kisha Ihumwa, halafu Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kama kilomita 17 kutoka katikati. Kisasa na Ilazo ni mitaa iliyopimwa, nyumba nyingi zina fensi, na kodi yake inajulikana kuwa juu. Nzuguni inawafaa watu wanaosafiri mara kwa mara na wafanyabiashara wa mazao, kwa sababu stendi na soko viko mlangoni. Anayefanya kazi Mtumba, namshauri aanze kutafuta Ihumwa na Nzuguni kabla ya kwenda kwingine. Ihumwa iko karibu zaidi na kazi, lakini kagua kwanza umbali wa shule na zahanati kutoka kwenye mlango wako, maana nyumba zimeota haraka kuliko huduma.

Upande wa chuo kikuu kuna Njedengwa, Iyumbu na Ng'ong'ona, na huko ndiko iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwenye mgonjwa anayehitaji kliniki ya mara kwa mara asipuuze jambo hilo. Ng'ong'ona ni ya wanafunzi: vyumba vipo, kelele zipo, na chuo kikifunguliwa bei hupanda.

Barabara ya Arusha inakupeleka Miyuji, Mbwanga, Msalato hadi Makutupora. Msalato ndiko kwenye mradi wa uwanja wa ndege wa kimataifa, na ndiko kwenye mnada. Siku ya mnada nenda ukale nyama ya mbuzi na ugali wa uwele hata kama hutafuti nyumba, utawaona wenyeji wa mkoa huu mahali wanapojisikia nyumbani. Barabara ya Singida ina Kizota, Nkuhungu na Nala, ambako kodi kwa kawaida ni nafuu. Ya Iringa ina Kikuyu na Mkonze, na watu wake wengi wanafanya kazi katikati ya mji.

Katikati kwenyewe kuna Majengo, Makole, Uhindini, Chang'ombe, Chamwino, Area C na Area D. Kwa anayeanza maisha na kazi yake iko sokoni, chumba cha Chang'ombe kinachomwezesha kwenda kwa miguu kinamlinda kuliko nyumba nzima ya nje ya mji. Tofautisha Chamwino hii ya mjini na Wilaya ya Chamwino iliko Ikulu, zaidi ya kilomita 30 kwa barabara ya Dar. Dalali akikwambia "Chamwino", muulize ni ipi.

Kodi ndogo inadanganya. Tuchukue mfano, bei ni za kufanyia hesabu tu. Nyumba ya kwanza ni 150,000 kwa mwezi, iko ndani, unapanda bodaboda kwa 1,500 hadi lami kisha daladala kwa 700. Kwenda na kurudi ni 4,400 kwa siku, na siku 22 za kazi ni 96,800. Nyumba ya pili ni 200,000, unatembea hadi lami, daladala mara mbili ni 1,400, siku 22 ni 30,800. Jumla ya kwanza ni 246,800. Ya pili ni 230,800, na umefika nyumbani mapema, hujalowa wala hujala vumbi. Fanya hesabu hii kwa bei halisi za siku hiyo, ukiweka na nauli ya watoto wa shule.

Halafu ijaribu njia yenyewe. Lala gesti ya eneo hilo usiku wa Jumapili, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi toka uende kazini kama mkazi. Jioni rudi muda ule watu wanapotoka maofisini. Kama ofisi yako ina basi la watumishi, ulizia linapita wapi kabla hujachagua mtaa.

Maji

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoumia zaidi.

Maji ya bomba ya Dodoma yanasambazwa na DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, na kwa miaka mingi tegemeo kubwa limekuwa visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Vimechimbwa vingine, vikiwemo vya Ihumwa na Nzuguni, lakini watu nao wanaongezeka. Kwa hiyo mitaa mingi ina mgao. Mgao wenyewe si tatizo kubwa kwa aliyejipanga. Anayeumia ni aliyeambiwa "maji yapo" akaridhika.

Usimuulize mwenye nyumba wala dalali. Muulize jirani, tena mwanamke anayefua: "Mama, maji hapa yanatoka siku zipi, na saa ngapi?" Akikwambia "Jumatano usiku mpaka alfajiri", umepata jibu. Akikwambia "yanatoka tu", muulize jirani wa pili. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupata maji tofauti, ya bondeni inapata mapema na ya mwinukoni inasubiri presha ipande. Ukipenda nyumba ya juu kwa sababu ya upepo na mandhari, uliza majirani wa juu, siyo wa chini.

Kisha tazama nyua za wenzako. Mtaa ambao kila ua una simtanki la lita 5,000 unakwambia siku za kusubiri ni nyingi. Watu hawanunui tangi kubwa kwa mapambo.

Piga hesabu ya kwako. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku kwa kuoga, kupika na kufua kwa kiasi, inatumia lita 200. Tangi la lita 1,000 linawatosha siku tano. Choo cha kuflashi kikiwa kinatumiwa na wote, siku hizo zinapungua. Kama mgao wa mtaa huo ni mara moja kwa wiki, tangi la lita 1,000 halikutoshi, unahitaji 2,000. Nyumba nyingi za kupanga zina tangi moja kwa wapangaji wanne, na hapo hesabu inakuwa ya watu kumi na tano na zaidi. Ingia uani uhesabu milango.

Jua pia uniti. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ukinunua ndoo moja kwa Sh 200, uniti moja imekutoka Sh 10,000. Linganisha na bei ya uniti ya bomba iliyoandikwa kwenye bili ya jirani, utajua nyumba isiyo na bomba inakudai kiasi gani cha ziada kila mwezi. Ongeza kiasi hicho kwenye kodi kabla hujasema nyumba ni ya bei rahisi.

Nyumba nyingine zina kisima chake. Onja maji. Chukua kipande cha sabuni unawe, kama povu halitoki na ngozi inabaki kama ina unga, maji hayo ni ya chumvi. Angalia vitundu vya bomba la kuogea na mdomo wa koki, ukoko mweupe unaonyesha nini kitatokea kwenye birika lako na pasi yako. Watu wanaishi na maji hayo vizuri kwa kuoshea na kufulia, ila utahitaji maji mengine ya kunywa na ya kupikia maharage, maana kwenye maji ya chumvi maharage yanakula mkaa mpaka ukate tamaa. Uliza pia shimo la choo liko upande gani wa kisima. Likiwa juu ya kisima, karibu karibu, tafuta nyumba nyingine.

Fungua mfuniko wa tangi uchungulie ndani. Ukungu wa kijani unamaanisha mwanga unaingia na hakuna anayelisafisha. Tangi likiwa juu ya mnara na maji yanapandishwa kwa pampu, uliza pampu inakula umeme wa nani.

Na hakikisha boza linafika. Lango jembamba, korongo lisilo na daraja, waya wa umeme ulioning'inia chini, vyote vinalizuia gari langu. Kama tangi liko nyuma ya nyumba na njia ni ya pikipiki, utabebewa kwa ndoo na utamlipa anayebeba. Mimi naishi kwa kuuza maji, na bado nakwambia: nyumba inayokulazimisha unipigie simu kila wiki haikufai kama kipato chako ni cha kawaida.

Kuna maji ambayo wapangaji wengi wanayaacha yapite. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, ukilihesabia milimita 500 tu, linapokea lita 50,000, na hata ukipoteza sehemu ya tano unabaki na 40,000. Hayo hayataingia yote kwenye tangi moja, lakini kuanzia Desemba hadi Aprili yanaweza kukupunguzia sehemu kubwa ya gharama. Ongea na mwenye nyumba kuhusu mifereji ya paa. Akikubali uifunge wewe na akate kwenye kodi, yaandikwe kwenye mkataba. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, ina vumbi la miezi saba.

Nyumba ya Julai siyo nyumba ya Januari

Mvua hapa ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Kwingine kote kwenye kalenda ardhi ni kavu, na ardhi kavu inaficha mambo. Korongo la mchanga linaonekana kama kiwanja kizuri cha kuegesha gari, mpaka kifuku, yaani msimu wa mvua, kianze. Ukitafuta nyumba kiangazi, tafuta alama: mstari wa tope ukutani, viroba vya mchanga nyuma ya nyumba, kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali baada ya nyumba kumalizika. Nkuhungu ina mitaa ambayo maji yamewahi kutuama na watu kuhama nyumba zao, na ina mitaa mikavu kabisa. Kwa hiyo usiikatae Nkuhungu yote, uliza mtaa, tena uliza nyumba. Waulize watoto wa shule pia. Wao wanajua Januari wanapita wapi.

Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka mashariki na kusini mashariki, na kiangazi haukomi. Nyumba iliyo upande wa magharibi wa barabara ya vumbi itapokea vumbi la kila gari linalopita. Nimeona akina mama wanaosugua madirisha kila asubuhi wakati jirani wa ng'ambo ya pili ya barabara hana shida hiyo. Kabla hujachagua chumba, simama uani ujue jua linachomoza wapi. Chumba cha kulala chenye ukuta wa magharibi usio na mti kitakuwa cha moto usiku wa Oktoba na Novemba, kwa kuwa ukuta umeota jua alasiri yote. Ukuta huo waachie stoo au jiko.

Juni na Julai usiku ni baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wanaotoka Pwani huja na mashuka tu. Beba blanketi, na masweta ya watoto.

Angalia nyufa. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha hadi juu unaonyesha msingi umecheza, na hilo hutokea sana kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukanda huu pia una matetemeko madogo ya mara kwa mara. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa nyumba ya zamani, iulize.

Dalali, mwenye nyumba na karatasi

Dalali mzuri anakuokolea nauli nyingi, sina neno baya kwao. Ila kubaliana naye kabla hamjatoka: hela ya kutembeza ni kiasi gani, na akikupatia nyumba utamlipa nini. Wengi huomba kodi ya mwezi mmoja. Wakati huohuo tembea mwenyewe, kwa miguu, jioni. Salimia. Ukikuta wazee wa Kigogo wamekaa barazani, "Mbukwenyi" yako itafungua mazungumzo kuliko maswali kumi. Uliza dukani, uliza kwa fundi cherehani, uliza kwa mama anayeuza vitumbua. Nyumba nyingi nzuri hazifiki kwa dalali kwa sababu mwenye nyumba anataka mtu aliyeletwa na jirani.

Epuka kutafuta nyumba nyakati mbili ngumu: wiki za mwanzo za kikao cha bajeti, na wiki ambazo vyuo vinafunguliwa. Bei za vyumba hupanda na wenye nyumba hawana haraka ya kukusikiliza.

Wengi watakudai kodi ya miezi sita au mwaka. Omba mitatu ya kwanza, na mpe mwenye nyumba sababu: unataka kuona maji na mvua. Wapo wanaokubali, hasa kama nyumba imekaa tupu. Akikataa kabisa na hujawahi kulala mtaa ule hata usiku mmoja, usimlipe mwaka.

Mkataba uandikwe, utaje tangi ni la nani, umeme unagawanywaje na nani anatengeneza bomba likipasuka. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako kama inawezekana. Mita moja kwa wapangaji wanne inaleta ugomvi wa friji na pasi usiokwisha. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Kama inakatwa unaponunua umeme wewe, mkubaliane namna atakavyokurudishia, kwa kawaida kwa kupunguza kodi ya pango. Ni hela ndogo kwa mwezi, ila ni yako.

Ukihamia, nenda ofisi ya mtaa ukajitambulishe na ujue balozi wako ni nani. Utahitaji barua zao kwa mambo mengi, kuanzia shule za watoto hadi benki, na mwenyekiti anayekufahamu kwa sura anaiandika siku hiyohiyo.

Kiwanja kisubiri

Nimeona wengi wanafika, wanashangaa bei, wananunua kiwanja mwezi wa kwanza. Panga nyumba kwanza, upite kiangazi na kifuku ukiwa mkazi. Baada ya hapo utajua mwenyewe unataka upande gani.

Siku ya kununua ikifika, soma hati na siyo maneno. Hati za zamani zilizotolewa wakati wa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, zilikuwa za miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakahamia kwa halmashauri, na hati zikaanza kutolewa za miaka 99. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na hati ambayo muda wake umekwisha au unakaribia kwisha, kwa hiyo angalia tarehe ya kuanza na hesabu mwenyewe.

Wauzaji siku hizi wanataja barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Ukiambiwa kiwanja "kinagusa" barabara hiyo, au barabara kuu yoyote, kumbuka hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Pima kwa futi kamba. Ukiona alama ya X kwenye ukuta wa jirani, usiendelee na mazungumzo mpaka ujue imewekwa kwa sababu gani.

Namba ya kiwanja na kitalu ipelekwe ofisi ya ardhi ifanyiwe upekuzi, jina la kwenye mafaili lilinganishwe na la kwenye kitambulisho cha muuzaji. Kama ni mali ya familia, mke au mume na watoto wakubwa wawepo na wasaini. Mawe ya mipaka uyaone kwa macho, ukiwa na mtu anayesoma ramani. Malipo yapite benki, siyo mkononi chini ya mti. Muuzaji wa kweli hana shida kwenda nawe ofisi ya ardhi. Akikuzungusha, mara anaumwa, mara mafaili yanahamishwa, usimwachie hata arubuni.